Kwa mnaoanza useremala mkiwa na mvi

Tangu kusi kuanza tumepokea wanafunzi watatu katika karakana yetu hapa Lamu: mwalimu, nahodha wa boti, na mpokea wageni wa hoteli moja huko Shela. Wote wamevuka miaka 40. Nawapenda, maana najua kilichowaleta. Lakini juzi yule wa hoteli, ambaye randa bado inamruka mkononi, alinionyesha nakala ya barua ya kuacha kazi, na papo hapo akaniambia ameshapokea oda ya mlango. Nilishindwa hata kumpongeza. Ndiyo maana naandika.

1. Usiache mshahara masika, hoteli zinapopunguza watu na pesa hazizunguki mjini. Jifunze kwanza siku zako za mapumziko. Ukiamua kuondoka, anayelipwa kwa mwezi hutoa notisi ya maandishi ya siku 28, au zaidi kama mkataba unasema hivyo. Na malipo ya SHA, bima ya afya ya serikali, yatakuwa juu yako, hakuna wa kukukatia tena.

2. Kubali kufundishwa na kijana. Mimi niliacha kazi ya stoo nikiwa na miaka 44. Fundi aliyenipokea alikuwa na 27. Aliniita ami, kwa adabu zote, lakini kazi aliyonipa ilikuwa kunoa patasi na kufagia. Miezi mitatu tu nikaona yatosha. Bibi mmoja wa Langoni akataka mlango wa nakshi, nikamwambia nitaufanya mwenyewe. Alinipa shilingi 60,000 za mwanzo, na nusu yake ikaenda kwenye karo kabla sijanunua hata ubao mmoja.

Mbao za mbambakofi, mti mgumu wa milango, zikaletwa kwa boti kutoka Mokowe, bara. Yule kijana aliugonga ubao kwa kifundo cha kidole, akainama akauwekea shavu. Mti wenye maji una ubaridi, shavu hulijua hilo kabla ya mkono.

"Ami, bado mbichi huu. Uache."

Nilimjibu kuwa nimeshika pesa za watu. Kweli yenyewe ni kwamba sikutaka kusahihishwa mbele za watu na kijana wa rika la mwanangu.

Mti hunywea upana, si urefu. Mlango niliutundika mwezi wa 7, hewa ina unyevu, ukafunga barabara. Mwezi wa 1, kaskazi imeshakausha kila kitu, nikaitwa. Mbao za mbawa zimeachana, kidole kinapita katikati. Mfaa, ule mti wa katikati zinapokutana mbawa, nilioutia maua kwa wiki tatu, umepasuka kufuata mstari wa nakshi. Ndani kulikuwa na harusi wiki ile, na bibi alikuwa ametundika leso kuziba nyufa ili wapita njia wasichungulie. Hakunifokea. Alinimiminia kahawa, akaniuliza kama watoto hawajambo. Nilishika kile kikombe nisiweze kunywa.

Nilirudi kwa kijana nikamwomba radhi. Tuliujenga upya pamoja kwa mbao zilizokwisha kukauka, bila kumtoza bibi senti, na mimi nikafanya vibarua vya kupaka rangi miezi 11 kulipa deni la mbao.

3. Mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani: anza gredi ya 3, ndiyo ya chini.

4. Usikope kununua mashine. Randa moja na patasi tatu zilizonolewa zinatosha mwaka wa kwanza. Kazi haitakimbia: Mji wa Kale umo katika orodha ya UNESCO tangu 2001, na nyumba zinazokarabatiwa zinataka milango ya kikwetu, iliyochongwa kwa mkono.

5. Ubao mnene haukauki kwa mwezi. Wazee wa kazi huhesabu mwaka 1 kwa kila inchi 1 ya unene.

Sasa wewe ndugu yangu wa mapokezi. Siku zako 28 hazijaisha. Kesho asubuhi kamwone meneja, umwombe akubakishe hata kwa zamu za usiku. Jioni tutakwenda wote kwa mwenye oda kumwomba muda, nitasema mimi ukiona haya. Na zile mbao za oda yako ziondoe juani leo hii. Zilaze kivulini, vijiti katikati ya kila ubao na mwenziwe, ncha zake uzipake rangi zisipasuke. Rangi ipo nyuma ya mlango wa karakana, kopo la kijani.