Kabla hujamwita mwanao Xavier

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Kaka, nimejaliwa mtoto wa kiume, nataka kumwita Xavier. Nimesoma maana yake ni mwanga. Unasemaje?" Nilicheka, kisha nikanyamaza. Kosa hilo nililifanya mimi, mbele ya watu, maiki mkononi.

Ilikuwa sherehe ya ubatizo wa mwanangu. Nilikuwa nimeokota kwenye intaneti kwamba Xavier ni neno la Kiarabu, maana yake mwanga, basi nikalipamba: mtoto huyu ndiye taa ya ukoo! Vigelegele. Padri alisubiri nikae, akaninong'oneza, ila maiki ilikuwa bado inanasa: "Baba Xavier, hilo ni jina la nyumba."

Ni kweli. Limetoka kwa Wabaski, watu wa upande wa milima ya Pirenei, Hispania na Ufaransa, ambao lugha yao haina undugu na lugha yoyote ya majirani. Kwao etxe ni nyumba, berri ni mpya. Etxeberri ikasagwasagwa midomoni mwa majirani hadi ikawa Xavier, ambayo Wahispania wa leo huiandika Javier, jina la ngome moja kule Navarra. Humo ndimo alimozaliwa Fransisko mwaka 1506, mmisionari aliyetangazwa mtakatifu mwaka 1622. Jina la kwao likamganda, na waumini wakaanza kubatizia watoto. Mwaka 1542, akielekea Goa, India, alipita Malindi. Mwenye jina kafika hadi pwani yetu, mimi nahangaika na Uarabuni!

Sasa shemeji yangu mmoja akadakia: "Mmemwita mtoto Nyumba Mpya, na nyie bado mmepanga?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Sijasahau. Krismasi ile hakuonja pilau yangu.

Ndugu yangu, jina usiliokote. Uliza anayejua, kisha uliza na mwingine. Wazazi wa siku hizi tunataka kila jina limaanishe nuru, ushindi, utajiri. Nyumba mpya ina ubaya gani? Na herufi ziamue mapema, mwandikie karani kwenye karatasi azione. Wangu kadi ya kliniki inasema Zaveri, cheti cha ubatizo Xavery, cha kuzaliwa Xavier. Nakwambia, uliza kwanza.

Ana miaka minne sasa. Bibi yake humwita Baba Mwenye Nyumba, naye akisikia hivyo huja mlangoni, mikono kiunoni, kudai kodi.