Je, Vindege Wanaofuatana na Sululu ni Makinda Yake?

SWALI: Kila maji yanapokupwa huwaona ndege wakubwa wenye midomo mirefu iliyopinda wakitembea topeni, na miguuni pao vindege wengi wakikimbia huku na huku. Je, hao ni makinda yao? Na mbona hawagombanii chakula?

JIBU: La, si makinda. Huyo mwenye mdomo uliopinda kwenda chini yaelekea ni sululu, na hao wadogo ni vitwitwi na chamchanga, ambao baadhi yao hawazidi gramu 30 hata wakishakomaa. Wengi wao huzaliana mbali sana, katika nyika za baridi za kaskazini ya dunia, kwa hiyo mtoto wa ndege hao hafiki kwako akiwa kinda. Hufika akiwa na mbawa kamili, na mara nyingi wazazi wake wamekwisha kutangulia wiki kadhaa kabla, wakamwachia aitafute njia asiyopata kuonyeshwa.

Kuhusu ugomvi, tazama midomo. Sululu hutumbukiza wake wote ndani ya tope na kumvuta mnyoo aliyejificha chini kabisa, mahali ambapo chamchanga hawezi kufika. Chamchanga naye hudonoa harakaharaka kama sindano ya cherehani, kwa kuwa ncha ya mdomo wake ina mishipa ya fahamu inayotambua mawindo asiyoyaona. Kitwitwi mwenye mdomo mfupi hutegemea macho yake makubwa: hukimbia hatua chache, husimama kimya, kisha hunyakua kilichojitokeza juu. Tope ni moja, lakini kila mmoja ana tabaka lake, na katika kundi hilo macho ni mengi ya kumwona kozi mapema. (Wakisongamana mahali pakavu maji yanapojaa, tafadhali usiwakurupushe, maana mafuta wanayoyachoma kwa kukukimbia ndiyo akiba yao ya safari.)

Na safari yenyewe si ya mchezo. Mwaka 2022 jamaa mmoja wa sululu, mwenye mdomo uliobenuka kidogo kwenda juu, alifungwa kifaa cha setilaiti, akaruka kutoka Alaska hadi Tasmania, zaidi ya kilomita 13,500 kwa siku 11 bila kutua. Alikuwa na umri wa miezi mitano hivi.