Maswali na majibu: "mustarehe" na nduguze

"Mustarehe" katika "raha mustarehe" maana yake nini, na limetoka wapi?

Mustarehe ni aliyetulia, asiye na linalomkera wala anayemdai. Kwa Kiarabu ni "mustarih", aliyepumzika. Mzizi wake ni herufi tatu, r, w na h, na wengi hupita hapa bila kuonja utamu: mzizi huohuo umetupa raha, starehe, roho, na hata riha, ile harufu nzuri. Kwa Waarabu upepo nao ni "rih", wa ukoo uleule. Kila nikisikia raha mustarehe nasikia mtu anayepumua bila kubanwa.

Niandike "mstarehe"? Wingi ni "wastarehe"?

Hapana, mara mbili. Hiyo "mu" si ya mtu na watu. Imekuja na neno lenyewe, kama ilivyo kwenye muhimu na mustakabali. Mbona hakuna anayeandika "watu wahimu"? Sema mtu mustarehe, watu mustarehe.

Ni kweli starehe imetokana na "star" la Kiingereza?

Si kweli. Ni "istiraha", mapumziko. Nimeshalijibu hili, na nawaomba tena: kufanana kwa sauti si ushahidi. Fungueni kamusi kwanza.

Starehe na anasa si kitu kimoja?

Sivyo, na hili linaniuma. Siku hizi ukisema fulani anapenda starehe, watu wanaelewa pombe na kukesha. Neno limechafuliwa, na tunaolichafua ni sisi wenyewe, magazeti yakiwa mbele. Mgeni akiingia, waliokaa wakainuka kumpisha, huwaambia "Starehe!", yaani msijisumbue, kaeni mlivyokaa. Hiyo ndiyo starehe: kutosumbuliwa. Anasa inahitaji mali, na mara nyingi huvuka kiasi. Mtu asiye na kitu anaweza kustarehe chini ya mti. Tukiliacha neno hili liozee baa, siku moja tutakosa la kumwambia mgonjwa anayehitaji kupumzika kwa amani.

Na kujinafasi?

Kujipa nafasi, kujiachia. Nafasi asili yake ni "nafas", pumzi, na nafsi ni ndugu yake wa damu. Msiingize "nafuu" humo, kama alivyofanya msomaji mwingine. Nafuu ni wa ukoo wa manufaa.

Kuna tofauti gani kati ya uhuru na hiyo raha mustarehe?

Kubwa. Uhuru umetokana na "hurr", mtu asiye mtumwa. Ndani ya neno hili kuna bwana aliyekataliwa na minyororo iliyokatwa. Nembo ya Tanzania imeandikwa "Uhuru na Umoja", na walioyachagua maneno hayo hawakuwa wakizungumzia mapumziko. Mtu huru anaweza kuwa na shughuli hadi shingoni na asiijue raha mustarehe mwaka mzima. "Huria" ni wa ukoo huohuo, kama katika soko huria. Ila jihadharini na wanaoandika huria wakimaanisha holela. Huria ni kutozuiwa, holela ni kukosa utaratibu. Mwandishi asiyetenganisha mawili haya anampotosha msomaji wake.

"Hakuna matata" nalo ni la Kiarabu?

"Matata" ni Kibantu tupu. Shina ni -tata, kuzongana kama uzi, na humo ndimo mlimotoka utata, tatizo na kutatanisha.