Je, nikimtunza mama kwa fungu la kumi, namwibia Mungu?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Niko Tukuyu. Mama yetu ni mjane, amepooza upande mmoja. Tumemwekea binti wa kumhudumia. Nikitoa fungu la kumi, mshahara wa binti na pampasi za mama vinanishinda. Kaka zangu wanasema shamba lake la parachichi lisiguswe, ni urithi. Je, fungu la kumi nikilitumia kwa mama, ninamwibia Mungu kama asemavyo Malaki?

JIBU: Amina, dada yangu. Humwibii Mungu.

Soma Marko 7:9-13. Watu walisema mali yao ni Korbani, yaani wakfu kwa Mungu, wakawanyima baba na mama. Yesu akawaambia wanalitangua neno la Mungu kwa mapokeo yao. Tena Kumbukumbu la Torati 14:28-29 inasema fungu la kumi la kila mwaka wa tatu liliwe na Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Mama yako ni mjane! Mweleze mchungaji wako hali ilivyo, usifanye kwa kujificha.

Sasa nasema na kaka zako. Urithi hugawanywa mtu akishafariki, na mama yu hai. Parachichi zikiuzwa, fedha ni yake, zimtunze yeye kwanza. Zisipotosha, 1 Timotheo 5:4 inawaagiza watoto na wajukuu wawalipe wazazi, na mstari wa 8 unasema asiyewatunza walio wake ameikana imani. Hapo hakuna wa kiume wala wa kike. Aliye mbali atume fedha kila mwezi. Asiye nazo aje ashike zamu ya usiku, maana aliyepooza hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi asipate vidonda vya kulalia, na binti mmoja hawezi kukesha kila siku.

Huyo binti naye mlipeni kwa wakati. Inaniuma sana kuona nyumba ya waombaji inamkopa mtoto wa watu mshahara wa miezi. Yakobo 5:4 inasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele, na Bwana anasikia.

Kuhusu matibabu, mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo ana haki ya kutibiwa bure katika hospitali za Serikali. Anzeni kwa mwenyekiti wa mtaa au ofisi ya ustawi wa jamii. Na mkishindwa kabisa, nendeni kwa wazee wa kanisa bila aibu. Kanisa la Matendo 6 lilichagua watu saba kwa ajili ya wajane.