Kebo Nayo Hupima: Kwa Wanaoanza Kufunga Vifaa vya Majaribio ya Fizikia

Mtu anayeingia kwa mara ya kwanza katika chumba cha majaribio huvutiwa na kigunduzi, yaani kifaa kinachonasa chembe, na kadi za elektroniki, huku kebo akiziona kama kamba za kuunganishia hiki na kile. Nami nilianza hivyo. Siku moja kebo moja kati ya kumi na sita ilipungua, nikachukua nyingine iliyokuwa karibu, ndefu kuliko wenzake kwa mita tatu, nikaizungusha ile ziada nyuma ya raki, yaani fremu ya kupangia vifaa, na kuifunga vizuri kwa tepu. Ishara katika kebo ya koaksia (waya wa katikati uliozungukwa na ganda la chuma) ya aina ya RG-58 huchukua takriban nanosekunde 5, yaani sehemu tano za bilioni za sekunde, kwa kila mita, kwa hiyo chaneli ile, yaani njia ya ishara ya kebo hiyo, ikawa inachelewa kwa nanosekunde 15, na aliyekuwa akichambua data alihangaika wiki mbili akitafuta kosa katika programu yake kabla ya kuja kuniuliza, kwa upole kuliko nilivyostahili, kwamba je, kebo zote zina urefu mmoja?

Tangu hapo sifungui boksi lolote kabla ya kuandaa jedwali la kebo. Kila kebo ipewe namba, aina yake, urefu wake, inakotoka na inakoingia, kisha namba hiyo iandikwe kwenye lebo mbili, moja kila ncha, kabla kebo haijalazwa. Msiandike maelezo kama «kushoto juu», kwa sababu kushoto kwa aliye mbele ya raki ni kulia kwa aliye nyuma yake, na kazi kubwa ya kuunganisha hufanyika nyuma, katika nafasi finyu, tochi ikiwa mdomoni.

Kuhusu kufunga vifaa vyenyewe sina mengi. Vizito vikae chini ili raki isielemee mbele, nafasi ya kupitishia hewa isizibwe na mafungu ya kebo, na kadi isichomekwe wala kuchomolewa katika kreti (sanduku la kuchomekea kadi) yenye umeme isipokuwa mtengenezaji ameeleza wazi kwamba inaruhusiwa. Vaeni mkanda wa mkononi uliounganishwa na ardhi. Mwili wa binadamu kwa kawaida hausikii mshtuko wa umeme tuli ulio chini ya volti 3000 hivi, ilhali vijenzi vingi vya elektroniki huharibika kwa volti mia chache tu, na kibaya zaidi ni kwamba kijenzi kilichojeruhiwa huweza kuendelea kufanya kazi kwa miezi kabla ya kufa.

Jambo linalowasumbua wageni kuliko yote ni ukomo wa kebo, yaani jinsi ncha yake inavyopokelewa na kifaa. Kebo nyingi za koaksia katika majaribio ya fizikia ya chembe zina omu 50 (kipimo cha jinsi kebo inavyokabili ishara inayopita), na kifaa kinachopokea lazima nacho kiwe na omu 50, la sivyo ishara ikifika mwisho hugonga na kurudi ilikotoka kama mwangwi. Kijana mmoja niliyefanya naye kazi aliniita kwa furaha kunionyesha kwenye osiloskopu, kifaa kinachochora ishara kwenye skrini, kwamba kila pigo kutoka kwenye fotomaltiplaya (bomba linalogeuza mwanga hafifu kuwa ishara ya umeme) lilifuatwa na pacha wake mdogo, nanosekunde 100 baadaye, akidhani amegundua tabia fulani ya bomba lile. Nilimuuliza urefu wa kebo, akasema mita 10. Kwenda kwa ishara huchukua nanosekunde 50, kurudi ni 50 nyingine, na ingizo la osiloskopu lilikuwa limewekwa kwenye omu milioni moja. Tulibonyeza kitufe cha omu 50, pacha akatoweka na lile pigo lenyewe likapungua kufikia karibu nusu ya kimo chake, jambo lililomshtua zaidi, mpaka nilipomweleza kwamba kimo cha awali ndicho kilichokuwa cha uongo.

Viunganishi navyo vinahitaji subira. Kiunganishi cha BNC huzungushwa robo mzunguko mpaka kikwame, na kile kidogo cha LEMO husukumwa mpaka usikie mlio wake. Baada ya hapo vuta kidogo, ukishika kichwa na si waya, uone kama kinatoka. Angalia pia pini ya katikati, kwa maana nimekutana na kebo ambayo kwa nje ilikuwa imefungwa barabara ilhali pini yake ilikuwa imerudi ndani nusu milimita, ikigusa asubuhi na kuachia mchana chumba kilipopata joto.

Faiba, yaani uzi wa kioo unaopitisha ishara kwa mwanga, ni hatari zaidi kwa sababu ishara yake haikatiki, hufifia. Mwezi Septemba 2011 watafiti wa jaribio la OPERA, lililokuwa Gran Sasso nchini Italia, walitangaza kwamba neutrino (chembe ndogo sana) zilizotumwa kutoka CERN, maabara ya fizikia iliyo karibu na Geneva, umbali wa kilomita 730 hivi, zilionekana kuwahi kuliko mwanga kwa nanosekunde 60 hivi. Mwaka uliofuata ilibainika kwamba faiba iliyoleta ishara ya saa kutoka kwenye kipokezi cha GPS haikuwa imekazwa sawasawa. Mwanga uliopita ulikuwa hafifu, kwa hiyo kifaa cha kuupokea kilichelewa kufikia kiwango chake cha kuitikia, na kosa hilo pekee likafika nanosekunde 73 hivi. Ishara ya saa iliendelea kufika, taa zilionekana njema, na hakuna kilicholia. Kwa hiyo safisheni ncha ya faiba kila mnapoichomeka, maana kiini cha faiba ya modi moja (inayopitisha mwanga kwa njia moja tu) ni mikromita 9 tu na chembe ya vumbi inatosha kukiziba, kisha pimeni nguvu ya mwanga na kuiandika badala ya kuridhika kwamba taa ya kijani imewaka. Wala msichungulie ndani ya ncha, kwa kuwa mwanga wake hauonekani kwa macho na bado unaweza kuyadhuru.

Kelele, yaani ishara isiyotakiwa, ya herzi 50 au 60 kama umeme wa ukutani inayojitokeza katika data mara nyingi hutokana na mzunguko wa ardhi, yaani vifaa viwili vilivyounganishwa na ardhi kwa njia mbili tofauti, mkondo ukapita kwenye ganda la kebo ya ishara. Ichoreni njia ya ardhi mapema kama mnavyochora njia ya ishara, na vifaa vinavyozungumza vipewe umeme kutoka chanzo kimoja. Wapo wanaokata waya wa ardhi wa plagi ili kelele iishe. Kelele huisha kweli, ila mtu anayegusa ganda la kifaa chenye hitilafu anaweza kufa, kwa hiyo nikimwona yeyote akifanya hivyo ninamtoa chumbani.

Umeme wa msongo mkubwa, yaani wa volti nyingi, upitishwe kwenye kebo na viunganishi vya SHV, vilivyobuniwa visiingiliane na BNC, na mtu asitengeneze adapta ya kuviunganisha. Fotomaltiplaya nyingi hutumia volti 1000 hadi 2000. Ukizima, ngoja msongo ushuke kabisa ndipo uchomoe, na usifungue kifuniko kinachozuia mwanga wakati msongo ungali umewashwa.

Kebo zote zikishalazwa, hukaguliwa moja moja na watu wawili: mmoja kwenye kigunduzi akiingiza pigo dogo, mwingine kwenye raki akiitaja kwa sauti namba ya chaneli iliyoitikia, bila kuangalia jedwali. Mara ya mwisho tulipokagua hivyo kebo 64, tulikuta tatu zimebadilishana mahali, mbili kati yake zikiwa nimezichomeka mwenyewe. Tulizirudisha, tukapiga picha ya nyuma ya raki lebo zote zikisomeka, ndipo tukafunga mlango wake.