Mnaouliza kwanini nisimwite fundi, nawajibu

Ma mdogo kaona picha niko chini ya sinki na paipu renchi mkononi, akauliza huko Marekani mwanamke ndo anatengeneza bomba, mume yuko wapi? Binamu naye akadakia, dada si umlipe tu fundi, dola unazo. Mmeliuliza sana hili na mi huwa napita kimya, leo nimetoka zamu usingizi umegoma, wacha niwajibu vizuri.

La mume ni fupi. Shemeji yenu anaendesha lori la masafa, akitoka hapa Minnesota wiki mbili tatu yuko njiani, na bomba likivuja halimsubiri arudi.

La hela ndo lenyewe. Mi pale nyumba ya wazee nalipwa dola 20 na kitu kwa saa, hapo kodi bado haijakatwa. Fundi bomba mwenye leseni akifika mlangoni kuna hela ya kuja tu, kabla hajafungua boksi lake, halafu saa yake inaanzia dola 100 kwenda juu, ikiwa usiku au jumapili anazidisha. Pigeni hesabu wenyewe, saa moja au mbili za fundi zinameza zamu yangu nzima ya usiku ya kugeuza wazee na kubadilisha mashuka. Sasa ule mpira wa ndani ya tangi la choo, ukichoka maji yanatiririka usiku kucha na bili inapanda, dukani unaupata chini ya dola 10 na kuubadilisha hata bisibisi huhitaji. Kwa hilo nimwite mtu kweli?

Na fundi simlaumu, naomba mnielewe hapo. Fundi umeme hapa kabla hajaruhusiwa kufanya kazi mwenyewe lazima awe na miezi 48 ya kazi chini ya wenye leseni, halafu akae mtihani. Ana bima, ana gari, akiharibu kuna pa kumshtaki. Ile hela ni halali yake kabisa. Tatizo ni kwamba kipato changu na chake havifanani, basi inabidi ufundi mwingine niujifunze mwenyewe, kama wanavyofanya wazungu wengi tu majirani zangu, wake kwa waume, hakuna anayeshangaa.

Nyumba zenyewe pia sio kama zetu za tofali. Yangu ni ya miaka ya 50, mbao tupu, ukuta wa ndani ni jipsamu nene kama sentimita 1 na kitu imepigiliwa kwenye nguzo za mbao, na kutoka nguzo moja hadi nyingine kwa kawaida ni inchi 16. Ukitaka kutundika TV lazima uitafute nguzo iko wapi, ukichimba tu popote skrubu inashika jipsamu peke yake na TV itakuja kumuangukia mtoto. Tena humo humo katikati ya ukuta ndo zinapita waya na mabomba, so kila tundu unalotoboa unalitoboa kwa hofu. Fundi wa Tanga aliyezoea tofali na plasta angeanza upya hapa.

Halafu vipimo. Bomba la kutolea maji machafu la sinki la jikoni ni inchi 1 na nusu, lile la kunawia bafuni ni inchi 1 na robo, kwa macho utasema ni yale yale, na kwenye nyumba ya zamani kama hii kuna mahali mtu wa zamani alichanganya yote mawili, basi unarudi dukani, unatoka dukani unakuta na washa, kile kipete cha mpira cha kuzuia maji kwenye maungio, nayo imekufa, unarudi tena, na dukani ni mwendo wa gari sio duka la Mangi hapo kona. Koki ndogo ya chini ya sinki usiseme, imeshikwa na kutu miaka na miaka, ukiilazimisha inakatika na maji yanamwagika jikoni kote, kwahiyo unashuka besimenti, chumba cha chini ya nyumba, kufunga maji ya nyumba nzima na watoto wanakaa bila choo mpaka umalize. Hiyo ndo picha mliyoiona. Kazi ya kuandikwa nusu saa kwenye video ya YouTube inakula mchana wangu wote wa kupumzika, mgongo unauma, na jioni naingia zamu.

Sasa baridi. Hapa January inashuka nyuzi 20 chini ya sifuri, siku nyingine inazidi hapo, na maji yakiganda yanatanuka kama asilimia 9, bomba haliwezi kuvumilia, linapasuka. Kinachoumiza ni kwamba likipasuka hujui, barafu imeziba, ikija kuyeyuka ndo maji yanajaa ukutani. Kwahiyo kila mwaka kabla ya baridi kuanza nachomoa mpira wa bustani, nafunga koki ya ndani, nafungua bomba la nje limalize maji yote. Naziba mianya ya madirisha kwa silikoni. Nabadilisha filta ya hita kubwa ya besimenti inayopasha joto nyumba nzima, filta ikijaa vumbi hita inapata moto kupita kiasi na inajizima yenyewe, na hita ikizima usiku wa January sio suala la kuvaa sweta, ni watoto na mabomba vyote viko hatarini. Hii ndo hofu inayonikaa kichwani miezi yote ya baridi, hamuioni kwenye picha za snow mnazopenda.

Mtu atasema si uache tu hicho kivujo kidogo mpaka upate hela. Bima ndo haikuachi. Bima nyingi za nyumba zinalipa bomba lililopasuka ghafla, lakini maji yaliyokuwa yanavuja polepole na wewe umeyaacha, hayo wanakataa, wanasema ni uzembe wa mwenye nyumba. Mbao ikioza ni juu yako, ukungu ukiota ni juu yako, na mkopo wa benki unaendelea kudai kila mwezi.

Kuna vitu sigusi. Bomba la gesi sigusi hata kwa dawa. Hewa ya sumu ya hita mbovu haina harufu, inaua watu wamelala, ndo maana sheria ya hapa inataka king'ora chake kiwe ndani ya futi 10 kutoka kila chumba cha kulala, na mi betri naziangalia. Rangi ya zamani nayo sikwangui hovyo, nyumba za kabla ya 1978 nyingi zina rangi ya madini ya risasi na vumbi lake linaharibu ubongo wa watoto wadogo, lazima ipimwe kwanza. Umeme sheria inaniruhusu kwenye nyumba ninayoishi mwenyewe lakini kwa kibali, na mkaguzi anakuja kuangalia. Kwa hayo makubwa namwita fundi, nalipa, na mwezi huo ndo ule mnaona sijatuma kitu na simu nachelewa kupokea. Sijawasahau. Naomba mlijue hilo, linaniuma mnaponiandikia nimebadilika.

Ila msinihurumie sana. Mwanangu wa kike sasa anajua pima maji, kile kifaa cha kupimia usawa, inasomwaje na ananishikia tochi bila kuambiwa, mzee jirani ananiazima msumeno wake, na Minneapolis kuna hadi maktaba ya vifaa, unajiunga unaazima drili kama kitabu.

Binamu, wewe na nyumba yako ya Kibaha, nisikilize mimi. Fundi bomba wako akikwambia elfu 30 usimshushe mpaka 15, mpe. Mwambie kila choo na kila sinki liwe na koki yake ya kufungia, sehemu mkono unafika bila kuvunja kitu, hilo wengi wanaliruka kuokoa hela. Na kabla hawajapiga plasta pita kila chumba na simu, piga picha kila ukuta mabomba na waya yakiwa yanaonekana, weka futikamba ukutani ionekane kwenye picha. Zitume na kwangu nizihifadhi, simu yako ikiibiwa ziwepo.