Maswali Yenu: Laptopu imezeeka, niitupe ama niitie Linux?

Safari hii karibu barua zote ni za jambo moja, kompyuta kuukuu, na sababu naijua. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft waliacha kuipa Windows 10 apdeti za bure, ipo nyongeza ya mwaka mmoja kwa anayejiandikisha na baada ya hapo basi, na Windows 11 nayo inachagua sana mashine, kwa Intel inataka kizazi cha 8 kwenda juu na kile kidude cha usalama TPM 2.0. Sasa watu wana laptopu zinawaka, kibodi nzima, skrini nzima, wanaambiwa zimekwisha. Mimi hilo linaniuma manake najua mtu alijinyima miezi mingapi kuipata hiyo laptopu, kwa hivyo nimeamua kujibu kwa urefu, hasa kuhusu Linux, mfumo wa bure unaoweza kukaa badala ya Windows.

SWALI: Salaam aleikum. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kisauni. Laptopu yangu ni Dell ya 2012, Core i3 kizazi cha 3, RAM GB 4, diski GB 500, Windows 10. Nikishaiwasha nateleka chai, nikirudi bado inazunguka. Fundi mmoja mjini kaniambia ni ya kutupa, mwenzangu shuleni aniambia niitie Linux. Kazi zangu ni kuandika mitihani, kujaza maksi, TPAD ya TSC (ile tathmini ya walimu ya mtandaoni) na kuwaonyesha watoto video kwa projekta. Naogopa nisije nikaiharibu. *Mwalimu, Kisauni*

JIBU: Wa aleikum salaam mwalimu, na pole kwa hayo mangojeo. Usiitupe. Hiyo i3 ina nguvu ya kutosha kwa kazi zote ulizotaja. Kesho ukiiwasha tazama kile kitaa kidogo cha diski, kama kimewaka moja kwa moja bila kupepesa mpaka chai inachemka basi mchelewaji ushamjua. Ndani ya diski yako mna sahani inazunguka na mkono unaokimbia huku na huku kutafuta vipande vya faili, ni kama mtu na santuri ya taarabu anainua sindano anaishusha, anainua anaishusha, akitafuta ubeti mmoja tu. Windows 10 ikiamka inaitisha vitu vingi kwa pamoja, na yenyewe kabla hujafungua chochote mara nyingi ishakula karibu GB 2 za RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ukifungua brauza na Word RAM inajaa, basi inaanza kuifanya hiyo hiyo diski kuwa RAM ya akiba na hapo ndipo kila kitu kinaganda.

Kwa hivyo Linux itakusaidia, lakini Linux pamoja na SSD, diski ya kisasa isiyozunguka, ndio utaona kama umenunua mashine mpya. SSD ya SATA ya inchi 2.5 inakaa palepale ilipokaa diski ya zamani, GB 240 inakutosha, na haina sahani wala mkono wa kukimbia. Kama pesa ni ya kitu kimoja tu nunua hiyo kwanza, RAM baadaye. Na ile diski ya zamani usiitupe pia, tia kwenye kikasha chake cha USB iwe ghala la faili zako.

Sasa Linux gani. Ziko nyingi na kila shabiki atakuambia yake, mimi kwako nasema Linux Mint, ile yenye sura ya Xfce ambayo ni nyepesi. Toleo la 22 lilitoka 2024 na lina apdeti mpaka 2029, linataka RAM GB 2 kwa uchache na GB 4 ndio linastarehe, menyu iko chini kushoto kama ulivyozoea. Ni bure, huibi cha mtu wala huhitaji zile kraki za mtaani ambazo ndizo zinazoleta virusi.

Na hofu yako ya kuharibu naielewa kabisa, lakini mchuzi huonjwa kabla haujapakuliwa. Tafuta flashi ya GB 8 isiyo na kitu unachokitaka, faili la Mint ni karibu GB 3 kwa hivyo lipakue penye Wi-Fi usimalize bando, halafu ukiwa kwenye Windows tumia programu ya Rufus kuliandika kwenye flashi. Kulikopi tu kama picha halitawaka, wengi wanakosea hapo. Zima laptopu, chomeka flashi, washa huku wabonyezabonyeza F12, kwa Dell itakuja menyu, chagua flashi. Mint itafunguka kutoka kwenye flashi na diski yako haijaguswa hata kidogo. Hapo jaribu kila kitu, Wi-Fi, sauti, mwangaza wa skrini, chomeka projekta, chomeka printa ya shule, fungua mtihani wa muhula uliopita uone umekaaje. Kaa nayo hata siku mbili. Itakuwa nzito kidogo manake inasomwa kutoka kwenye flashi, usiipimie kasi hapo. Ukiridhika ndio ubonyeze ile alama ya kuinstoli iliyo kwenye deskto, na ukifika pale inapouliza kama ifute diski yote, simama.

Simama hapo nikusimulie. Zamani kidogo jirani yangu aliniletea laptopu yake niifomati, nikamuuliza umehifadhi vitu vyako, akaniambia ndio vyote nimeseva. Nikafomati. Jioni alipokuja kuichukua akaniuliza picha za harusi ya mwanawe ziko wapi, mimi nikamuuliza si ulisema umehifadhi, akasema ndio, nilizihifadhi kwenye Documents. Kwake kuhifadhi ilikuwa ni kubonyeza seva, kwangu ilikuwa ni kuzitoa nje ya mashine, na hakuna aliyesema uongo kati yetu. Nilijaribu programu za kurudisha faili usiku kucha, nikapata chache tu nazo zimekatika nusu. Tangu siku ile sigusi diski ya mtu mpaka nizione faili kwa macho yangu zimefunguka kwenye kompyuta nyingine, na wewe mwalimu fanya hivyo hivyo. Kopi Documents, Downloads, Pictures na vyote vilivyotapakaa kwenye deskto, nenda kwenye mashine ya mwenzako, fungua tatu nne uone. Kama unanunua SSD basi hofu hii inapungua sana, unachomoa diski ya zamani na vitu vyako vyote ndani, unaiweka kabatini, unainstoli kwenye SSD tupu.

Kwa mitihani utatumia LibreOffice, inafungua faili za Word na Excel, ila mpangilio unaweza kusogea, hasa jedwali na nafasi za majibu, manake fonti ya Calibri haiji na Mint, inawekwa nyingine ya upana ule ule. Times New Roman na Arial unaweza kuziongeza kwa pakiti ya fonti za Microsoft. Ushauri wangu, seva kwa docx ukimtumia mwenzako wa Windows, lakini kitu cha kupiga chapa kigeuze PDF kwanza, PDF haisogei. TPAD ni ya brauza kwa hivyo hakuna tofauti. Video, wakati wa kuinstoli utaulizwa kama utie kodeki, yaani vya kuchezeshea video, weka tiki.

Na siku ya kuinstoli kama betri yako ishakufa usianze wakati stima inacheza.

SWALI: Nina saiba ndogo Likoni karibu na feri, kompyuta 6 za mezani, Core 2 Duo, RAM GB 2, bado ziko Windows 7. Chrome inakataa apdeti na baadhi ya tovuti hazifunguki vizuri. Nikiweka Linux wateja si watakimbia? *Mwenye saiba, Likoni*

JIBU: Kaka, Windows 7 ilisimamishwa Januari 2020, na Chrome juu yake imekwama toleo la 109 tangu mwanzo wa 2023. Kwenye mashine hizo watu wanaingiza pasiwedi za eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, na kuskani vitambulisho, hapo mimi sitaki hata tubishane, lazima zibadilike.

Wateja hawakimbii kwa sababu ya Windows, wanakimbia kwa kungoja. Mtu akija kutafuta cheti cha tabia njema anachotaka kuona ni brauza, weka Chrome ama Firefox katikati ya deskto kwa alama kubwa na wengi hawatauliza kitu. Core 2 Duo zote ni za biti 64, aina inayotakiwa na mifumo ya leo, kwa hivyo Lubuntu ama MX Linux yenye Xfce, ambazo ni Linux nyepesi, zitaingia. Lakini RAM GB 2 kwa brauza ya leo ni kidogo, tabo tatu nne inaanza kulia, Linux haiwezi kuufanya ukurasa wa wavuti uwe mwepesi. Pandisha kila moja iwe GB 4, na kabla hujanunua fungua uangalie, za enzi hizo nyingine zinakula DDR2 nyingine DDR3 na haziingiliani. Ukishafungua, toa hizo RAM utazame yale meno ya dhahabu, kwa vile uko karibu na bahari kuna uwezekano utayakuta yamefifia yameingia ukungu wa chumvi, chukua raba ya penseli uyasugue polepole mpaka yang'ae, pulizia vumbi, rudisha. Nimeona mashine zinazozimika ovyo zikitulia kwa hilo tu.

Kuna faida moja utaipenda. Wateja wanakuja na flashi zina kile kirusi cha shotikati, kinaficha folda zao na kuacha vialama vya uongo, mtu anakuja analia kazi ya chuo imepotea. Ukiichomeka kwenye Linux, kile kirusi cha Windows hakina pa kusimama, na folda kilizozificha unaziona ziko palepale. Unamkopia kazi yake kwenye flashi safi, anakwenda zake kashukuru.

Sasa penye shida. Fomu za kodi za iTax za Excel zenye makro hazikai vizuri kwenye LibreOffice, usijaribu na kodi ya mtu. Kwa hivyo zote sita zitie Linux, na kwa kazi hiyo weka hata laptopu ya mitumba yenye Windows inayopata apdeti. Printa, zijaribu kwa flashi kwanza kabla hujainstoli, HP nyingi zinashika zenyewe, baadhi ya leza za zamani zitakusumbua draiva, ile programu ya kuendesha kifaa. Na tafadhali, brauza zote zipange zijifute historia na pasiwedi kila zikifungwa. Nshakaa saiba nikafungua Gmail nikakuta barua za mama wa watu.

SWALI: Mimi mwanafunzi, Tudor. Nimepewa kinetibuku cha zamani, Atom N270, RAM GB 1. Nataka kujifunza programu. Kitaweza? *Mwanafunzi*

JIBU: Kitaweza mwanangu, kwa kiasi. Hiyo Atom ni ya biti 32 na mlango huo unafungwa, Mint na Ubuntu hazitoi tena, Debian 13 ya Agosti 2025 haina instola yake, na Chrome ya Linux iliacha biti 32 tangu Machi 2016. Iliyobaki ya kukufaa ni antiX ya biti 32, imejengwa juu ya Debian na inawaka na RAM kidogo sana. Kuandika Python, kusoma PDF, kujifunza amri za terminali, ile skrini ya kuandika amri, vyote vinaenda. YouTube kwenye brauza usiitarajie, masomo ya video yatazame kwa simu na mazoezi ufanye kwenye netibuku. Linux yenyewe Linus Torvalds aliianza 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki kwenye mashine ya 386, dhaifu mno kuliko hicho kilichoko mapajani mwako, kwa hivyo anza leo usingoje kupata kikubwa.

SWALI: Nimeinstoli Mint, kila kitu sawa ila Wi-Fi haionekani kabisa. Na bila intaneti nitapataje draiva? *Changamwe*

JIBU: Chukua simu yako na waya wa kuchaji, ichomeke kwenye laptopu, kwenye simu ingia seti za hotspoti uwashe ile ya USB, laptopu itaiona simu kama waya wa intaneti. Kisha fungua menyu, tafuta programu ya kusimamia draiva, ingoje itafute, na kama kadi yako ni Broadcom, ambazo ndizo zenye tabia hii sana, itakuletea jina lake uchague, itapakua, utawasha upya. Bando la MB 200 ama 300 unalo? Basi zima apdeti nyingine zote kwanza, usije ukamalizia hapo kabla draiva haijaingia.